TUWEKE FIMBO CHINI, TUSHIKE KALAMU



Kila mara mwalimu mmoja wa upande huu wetu wa Kibirichia apatapo barua ya kusimamishwa kazi kwa sababu ya kumpiga mtoto, maneno ni yale yale. Katika chumba cha waalimu chai hunywewa kwa hasira. Mmoja husema, "Serikali imetufunga mikono." Wa pili husema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Wa tatu, naye kwa kawaida ni mzee, huuliza Chama kina kazi gani ikiwa hakiwezi kumtetea mwalimu aliyekuwa akitafuta adabu darasani. Kisha kengele hupigwa, kila mtu huenda darasani kwake, na jambo hubaki pale pale mpaka barua nyingine ije.

Nataka kuyajibu maneno hayo waziwazi. Najua wengine watakasirika. Na wakasirike, karatasi hii si ya kubembelezana.

Nasema hivi: tawi letu linakosea likiitetea fimbo. Tena linakosea mara mbili, kwa maana wakati sisi tunapoigombania fimbo kwenye mlango wa mbele, mwajiri hutoka kwa mlango wa nyuma na deni letu lote mfukoni mwake. Deni lenyewe nitalieleza.

Nianze na sheria, maana wako waalimu wengi wenye vyeti vizuri ambao hawajapata kuisoma hata siku moja. Waijua kwa kusikia tu, kama mtu ajuavyo bei ya viazi mjini Nairobi. Fimbo ilitolewa mashuleni mwaka 2001 kwa Tangazo la Kisheria nambari 56. Tangazo hilo lilifuta vifungu vya viboko katika kanuni za nidhamu za mwaka 1972. Sasa nisikilizeni vizuri. Hata kanuni zile za 1972, ambazo wazee wetu wanazililia, hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kutembea na mti mkononi. Zilisema uchunguzi ufanywe kwanza. Zilisema mtoto asichapwe mbele ya wenzake. Zilisema viboko visizidi sita, na habari ziandikwe katika kitabu. Nauliza: nani kati yetu, alipokuwa mtoto, aliandikwa katika kitabu hicho? Mimi nilichapwa kwa kuchelewa, nikachapwa kwa hesabu, nikachapwa kwa kusema Kimeru, na siku moja nikachapwa kwa sababu darasa zima lilichapwa nami nilikuwa ndani yake. Kitabu sikukiona. Maana yake ni kwamba fimbo nyingi tulizopigwa zilikuwa kinyume cha sheria ya siku zile zile. Kwa hiyo mwenzangu anayesema "zamani ilikuwa ruhusa" anasema jambo ambalo halikuwako.

Katiba ya mwaka 2010 ikakaza fundo. Ibara ya 29 yakataza mtu yeyote kupewa adhabu ya kupigwa mwili, na Ibara ya 53 yamlinda mtoto na ukatili na adhabu isiyo ya kibinadamu. Mwaka 2013 ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi. Kifungu chake cha 36 chasema kwamba mwanafunzi asiteswe, asipewe adhabu ya mwili wala ya akili. Anayekivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Tena hiyo ni ya mahakamani tu. Tume ya Kuajiri Waalimu nayo inaihesabu fimbo miongoni mwa makosa yanayoweza kuliondoa jina la mtu katika rejista ya waalimu, na mtu akiisha kuondolewa humo, diploma yake ni karatasi ya kufungia sukari.

Nimetaja adhabu ya akili, nami sitaki tuipite mbio. Wako wenzetu walioitupa fimbo tangu zamani, nao hujisifu. Lakini sikilizeni nje ya dirisha la madarasa yao. "Wewe ng'ombe." "Baba yako hakusoma, wewe utasoma?" "Simama hapo mbele wakuone ulivyo mjinga." Msichana aliyechafuka nguo kwa mambo ya mwezi hufanywa kichekesho cha darasa. Huyo mwalimu hajagusa mwili, na bado sheria imemkuta. Mimi nasema hata kama sheria isingemkuta, tungemkuta sisi. Kazi yetu si kuvunja watoto kwa ulimi badala ya mti.

Sasa niwaulize wanachama wa vyama vingine wanaosoma karatasi hii, ninyi wa mashamba ya maua kule Timau, ninyi madereva na makuli wa viazi: mnajua kiboko kilifikaje kwa mfanyakazi katika nchi hii? Mwaka 1923 kule Molo palikuwa na mfanyakazi mmoja wa shamba, jina lake Kitosh. Tajiri wake, mzungu aitwaye Jasper Abraham, alimtuma na farasi jike, akamwambia amwongoze kwa miguu. Kitosh alimpanda. Kwa kosa hilo alipigwa, akafungwa kamba na kutiwa katika stoo, na usiku ule akafa. Baraza la wazungu wenzake Abraham lilikaa Nakuru likaona kwamba kosa lake si kuua, ni kuumiza vibaya. Akapewa miaka 2. Hiyo ndiyo historia ya kiboko, ndugu zangu. Kilikuwa njia ya tajiri ya kusema na mtu ambaye hakutaka kumsikiliza. Wazee wetu waliokwenda kuchunga na kulima katika mashamba ya wazungu upande wa Timau walikijua kiboko hicho kabla sisi hatujazaliwa. Vyama vya wafanyakazi vilisimama vikasema: mfanyakazi hapigwi. Nasi leo, wana wa vyama hivyo hivyo, twakiokota kiboko alichokitupa tajiri, tukakipeleka kwa mtoto wa kibarua. Mimi naona haya.

Lakini wajibu wa mwalimu haukomi katika kutopiga, na hapa ndipo wengi hatutaki kufikiri, kwa sababu kutopiga ni rahisi kuliko kulinda. Sheria yamdai mwalimu mambo mawili: asimdhuru mtoto, na asimwache adhurike. Hilo la pili lina umri mkubwa. Mwaka 1893 kule Uingereza palikuwa na kesi, Williams na Eady. Mwenye shule alikuwa na chupa ya fosfori, dawa inayowaka moto yenyewe, naye akaiweka mahali ambapo wavulana waliweza kufika. Wakaichukua wakaichezea, na mmoja akaungua. Hakimu alisema kwamba mwalimu sharti awaangalie wanafunzi wake kama baba mwangalifu aangaliavyo watoto wake mwenyewe. Sheria yetu ilijengwa juu ya ile ya Kiingereza, na kipimo hicho cha baba mwangalifu ndicho kinachotupima mpaka leo, uwe mwalimu wa Kibirichia, wa Lamu au wa Kakuma.

Baba mwangalifu! Ni maneno mazuri sana. Lakini nitajieni baba mmoja katika mlima huu mwenye watoto 74 wa umri mmoja katika chumba kimoja tangu saa mbili asubuhi. Hayuko. Hata wale wazee wetu wenye wake wengi hawakufika hapo, nao walikuwa na ng'ombe wa kuwasaidia kuwapeleka watoto malishoni.

Na hapa ndipo lilipo lile deni.

Mwezi wa Januari 2003 Serikali ilifungua milango ya shule za msingi bila karo. Ilikuwa kazi njema, sina neno. Watoto waliokuwa kama milioni 5.9 wakawa milioni 7.2 mwaka ule. Lakini kuandika waalimu wapya kulikuwa kumezuiwa tangu miaka ya mwisho ya 1990, isipokuwa kujaza nafasi za waliokufa na waliostaafu. Watoto wakaongezwa, waalimu wakabaki. Mwaka 2023 ikaja shule ya sekondari ya chini, ikawekwa ndani ya shule za msingi, katika vyumba vile vile na vyoo vile vile. Ili kupata watu wa kufundisha, Tume ikachukua vijana wetu ikawaita wanagenzi: wa sekondari ya chini shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wa msingi 15,000. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilihukumu kwamba kuwatumia vijana wenye vyeti kamili kwa namna hiyo si halali. Mwezi wa Mei wakatoka barabarani. Wengi wao waliandikwa kazi ya kudumu Januari 2025, na mara wengine wapya wakachukuliwa kwa mpango ule ule.

Mwanagenzi hulipwa nusu, lakini wajibu wake darasani si nusu. Mtoto akianguka dirishani mbele yake, hataulizwa mshahara wake ni kiasi gani. Ataulizwa: ulikuwa wapi?

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu yenyewe ilitoa kitabu cha usalama wa mashule. Kitabu hicho kimeandika kwamba darasa la kawaida liwe la watoto 40, wakiketi wawili wawili katika dawati. Kimeandika kwamba milango ifunguke kwa nje. Kimeandika kwamba madirisha yasiwe na vyuma. Si sisi tulioyaandika, ni wao. Basi kila mwanachama aende kesho akatazame mlango wa darasa lake unafunguka upande gani. Wangu unafunguka kwa ndani, tena lazima uuinue kidogo kwa bega.

Kwa nini nasumbuka na mlango? Kwa sababu watu wamekufa. Machi 2001 katika bweni la Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliungua. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2019 darasa la mbao na mabati lilianguka Nairobi katika shule ya Precious Talent asubuhi na mapema, wakafa watoto wasiopungua 7. Februari 2020 katika shule ya msingi ya Kakamega watoto 14 walikufa kwa kukanyagana wakishuka ngazi jioni waende kwao. Septemba 2024 kule Endarasha, Nyeri, wavulana 21 waliungua katika bweni lililolaza zaidi ya 150. Miaka imepita tangu Kyanguli, kitabu cha usalama kimeandikwa, na bado twahesabu maiti za watoto.

Tena tusijifanye wageni wa misiba. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, hapa hapa Meru, katika shule ya St. Kizito, wavulana waliwavamia wasichana katika bweni lao. Wasichana 19 walikufa kwa kubanwa na kukosa pumzi, na zaidi ya 70 wakanajisiwa. Nchi nzima ilililia. Watu walisema mengi juu ya ubaya wa wavulana wale, na kweli ulikuwa ubaya. Lakini jiulizeni: shule ya miaka ile ilikuwa na kiboko? Ilikuwa nacho, kwa ruhusa ya Serikali. Kiboko hakikumwokoa msichana hata mmoja usiku ule. Kilichokosekana ni watu wazima wa kutosha, walio macho, na shule ambayo msichana akilalamika mchana husikizwa mchana huo huo.

Mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alisema wazi kwamba yeye angependa kiboko kirudi, baada ya wanafunzi fulani kuwashambulia waalimu wao. Wengi wetu tulipiga makofi. Namheshimu marehemu, alikuwa mtu wa kazi. Katika hili alikosea. Kijana aliyefika kiasi cha kumchoma mwalimu kisu hatibiwi kwa fimbo sita za matakoni. Huyo ni kazi ya polisi, ya daktari, na kabla ya hao, ya mtu ambaye angemwona miezi sita nyuma alipoanza kukaa peke yake. Mtu huyo ni nani? Katika shule zetu yuko mmoja anayeitwa mwalimu wa ushauri. Ana vipindi sawa na wengine, hana chumba, na akitaka kusema na mtoto mwenye shida hana budi kusimama naye nyuma ya tangi la maji. Hapo ndipo Waziri angeweka fedha.

Nitasema habari yangu mwenyewe, maana si haki kuwahukumu wengine nikajificha. Mwaka mmoja, siutaji, wala shule siitaji, nilikuwa na mvulana wa darasa la 5 aliyelala darasani kila siku kwa wiki nzima. Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi. Nilimwonya mara tatu. Mara ya nne nikamwita mbele nikampiga mikononi, mara nne, kwa ufito wa kawaida, si mkubwa. Hakulia. Alirudi mahali pake akaficha mikono chini ya dawati.

Kesho yake mama yake alikuja. Nilifikiri amekuja kunishitaki, nikajiandaa kwa maneno makali. Hakuja kunishitaki. Alikuja kuniomba radhi. Alisema, "Mwalimu, unisamehe, kosa ni langu." Alikuwa kibarua wa kuchimbua viazi katika mashamba ya watu, lori hupakiwa usiku ili lifike sokoni alfajiri, naye alimwamsha mtoto saa tisa ya usiku kumshikia taa na kushona magunia, kwa sababu wakiwa wawili gunia huhesabiwa haraka. Aliponyosha mikono yake nikaiona ilivyopasuka. Mimi, mwanachama wa Chama cha wafanyakazi, nilikuwa nimempiga mtoto kwa kosa la kufanya kazi. Sijampiga mtoto tena. Wala sidai sifa kwa hilo. Nilipaswa kuuliza siku ya kwanza, na kuuliza kungenichukua dakika mbili.

Sisemi mama alifanya vizuri. Sheria yamwagiza mzazi amlete mtoto shule, na mtoto asiyelala hafundishiki. Lakini jambo lile lilikuwa la kuzungumza na mama, na mwenye shamba, na chifu. Mwenye shamba hasa, anayejua kabisa gunia lake limeshonwa na nani. Yeye hakuja shuleni kuomba radhi.

Basi watu wataniuliza: darasa la watoto 74 lashikwaje bila fimbo? Jibu la kweli ni kwamba halishikwi vizuri, na hata kwa fimbo halikuwa likishikwa vizuri. Lilinyamaza tu. Tulizoea kudhani kunyamaza ni kufundishika. Yako mambo machache yanayosaidia, na kila mwalimu mwenye umri wa kazi anayajua: kuingia darasani kabla yao, kujua majina yao yote mwisho wa mwezi wa kwanza, kutowaacha peke yao na jembe, panga au moto, kumketisha mgomvi karibu na meza bila kumtangaza, kuwapa wakubwa kazi ya kweli. Mambo hayo hayahitaji semina ya hotelini. Lakini nasema tena, hata mwalimu hodari hawezi kuyafanya kwa watoto 74 kama awezavyo kwa 40. Tofauti ile ya watoto 34 si kosa lake. Ni deni la mwajiri, nalo hulipwa kila siku kwa mgongo wa mtoto na kwa koo la mwalimu.

Liko jambo moja ambalo sitalipa nafasi kubwa, kwa sababu halina pande mbili. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi kimwili asije kwa Chama kutafuta kivuli. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 yampa kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya wasichana wawili wa Nakuru, ilisema kwamba hata Tume inayomwajiri mwalimu wa namna hiyo haiwezi kunawa mikono. Wasichana wakapewa fidia ya shilingi milioni 5 kwa jumla. Zamani desturi ilikuwa kumhamisha tu, akaanze upya kwa watoto wa watu wengine. Na wazee wengine wa vijiji hukaa chini ya mti na wazazi, mbuzi hutolewa, na mambo huisha. Hayaishi. Mwalimu anayejua na kunyamaza naye yumo. Kwa mtu kama huyo Chama kitahakikisha amesikizwa kwa haki, basi. Na hilo twalifanya kwa ajili ya haki yenyewe, wala si kwa ajili yake.

Sasa nirudi kwa yule mzee aliyeuliza Chama kina kazi gani. Mzee wangu, Chama kina kazi kubwa. Kumtetea mtu na kuitetea fimbo ni mambo mawili mbali mbali. Mwalimu aliyeshitakiwa ana haki ya kuambiwa kosa lake, kusikizwa, na kusimama pamoja na mwenzake au mjumbe wa Chama anayemchagua. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kimesema hivyo, na Ibara ya 47 ya Katiba yataka uamuzi wa haki wenye sababu zilizoandikwa. Wako waalimu waliosimamishwa kazi kwa maneno ya sokoni, na wengine kwa ugomvi wa shamba na jirani ambaye mtoto wake yuko darasani. Hao tuwatetee kwa nguvu zetu zote. Aliyepiga kweli, tumsaidie aseme kweli, na tuiambie Tume mbele ya kamati yake: alikuwa peke yake na watoto wangapi? Nani alijua? Nani aliandikiwa?

Na hapo, ndugu zangu, ndipo tunaposhindwa kila mara. Hakuna aliyeandikiwa! Twalalamika njiani, twalalamika kanisani, twalalamika katika matatu mpaka Meru mjini, lakini katika faili hakuna hata karatasi moja. Afisa husema, "Sikujua." Hedimasta husema, "Sikuambiwa." Bodi ya shule husema, "Halikuletwa kikaoni." Mwalimu hubaki peke yake mbele ya meza.

Waalimu waliotutangulia walikianzisha chama cha nchi nzima mwaka 1957, wakati mwalimu wa misheni hii alikuwa na tajiri wake na wa misheni ile tajiri mwingine. Waligoma na kusumbuka mpaka wakapata mwajiri mmoja kwa wote, hiyo Tume, mwaka 1967. Walitaka mwajiri mwenye anwani. Basi anwani tunayo. Kwa nini hatumwandikii?

Naleta shauri hili mbele ya mkutano wa tawi. Kila mwanachama, kabla ya mwisho wa muhula, aandike barua fupi isiyozidi ukurasa mmoja: watoto wangapi darasani, madawati mangapi, mlango unafunguka upande gani, madirisha yana vyuma au hayana, choo kimoja ni cha watoto wangapi, na kama kuna mwalimu wa zamu wakati wa chakula. Asitie matusi, asitie siasa, aweke tarehe na sahihi. Nakala ya kwanza kwa hedimasta aipeleke mbele, ya pili kwa bodi, ya tatu kwa karani wa tawi. Barua haimwondolei mwalimu wajibu wake. Bado atamlinda mtoto kwa kadiri awezavyo, maana mtoto hana habari ya mafaili yetu. Lakini siku ya msiba, Mungu apishe mbali, hakuna atakayesema hakujua. Pia naomba mkutano uamue kwamba tawi halitasimama tena popote kudai kiboko kirudi, wala halitatia sahihi maombi ya namna hiyo yakiletwa na mtu yeyote, awe mkubwa namna gani.

Najua mahedimasta wengine wataogopa kuzipokea barua hizo. Wao pia ni waajiriwa, nao hubanwa katikati kama nyama ya mkate. Tuwaambie kwa upole kwamba barua yamlinda hedimasta kuliko inavyomlinda mtu mwingine yeyote. Akikataa kuigonga muhuri, mwalimu aandike chini yake siku na saa aliyokataa, na mwenzake mmoja atie sahihi kuwa shahidi.

Yangu nimekwisha kuiandika: watoto 74, madawati 25, mlango mmoja unaofunguka kwa ndani, madirisha manne yenye vyuma, na kioo kimoja kilichovunjika ambacho tumekiziba kwa gunia kwa sababu ya baridi ya mlima. Nakala iko kwa karani. Karatasi tupu ziko kwake pia, ila kila mtu aje na kalamu yake, maana za ofisi zimekwisha kuchukuliwa.

Mwalimu wa Darasa,
Kibirichia